Chakula cha mbwa na paka: kilichomo bakulini na njia ya kukifikia

Mbwa wa getini kwetu alikuwa anakula saa mbili usiku. Sufuria ikitua chini, ugali wa dagaa unaisha kabla aliyeuleta hajarudi mlangoni. Mbwa analamba sufuria, anaisukuma mpaka ukutani, kisha anakaa na kutazama geti. Mchana kutwa amefungiwa bandani, usiku kucha yuko uani, na katika saa 24 jambo lililomtokea ni moja: ile dakika ya kula. Nilimtazama hivyo kwa miaka kabla sijajiuliza swali ambalo leo namuuliza kila anayefuga: tunahangaika na anachokula, je, tumewahi kuhangaika na namna anavyokipata?

Mambo haya mawili siku hizi yanauzwa kwenye kapu moja. Ukitafuta ushauri utaambiwa umpe mnyama wako chakula freshi, cha asili, kibichi, na hapohapo utaambiwa umnunulie mpira wa kujazia chakula, mkeka wa kunusia na sahani yenye vichochoro. Mwenye mbwa wa ugali akiona bei, anafunga ukurasa na kusema hayo ni ya wenye nacho. Mimi nasema tusikimbilie kufunga. Sehemu kubwa ya mambo haya haigharimu kitu, na sehemu nyingine ina hatari ambazo Afrika Mashariki imezijua kwa machungu yake yenyewe.

Freshi, bichi, kamili

Maneno matatu yamevurugana. Chakula freshi ni kilichoandaliwa kutokana na nyama, samaki, mayai, nafaka na mboga, badala ya punje kavu za mfukoni. Neno hilo halikuambii kama kimepikwa, wala halikuambii kama kinamtosha mnyama. Kibichi ni ambacho hakijaona moto. Kamili ni chenye kila kirutubisho anachohitaji mnyama huyo, kwa umri wake, kila siku. Chakula kinaweza kuwa freshi bila kuwa kibichi, na kinaweza kuwa freshi kabisa na bado kikamtia mnyama utapiamlo.

Chakula cha dukani chenyewe ni kitu cha juzi. James Spratt, Mmarekani aliyekuwa London, alianza kuuza biskuti za mbwa miaka ya 1860. Punje tunazozijua leo, zile zinazosukumwa na mtambo zikiwa moto na kutoka zimevimba, ziliingia madukani Marekani mwaka 1957. Kabla ya chakula cha dukani mbwa wengi duniani walikula kilichobaki jikoni, kama wetu wengi wanavyokula hadi leo. Ndiyo maana naona ushauri mwingi unatufikia umegeuzwa. Mmarekani anatoka mfukoni kwenda sufuriani. Sisi wengi tumo sufuriani tayari, na tunachohitaji kujua ni sufuria yetu imepungukiwa nini.

Na sufuria hupungukiwa hata kwa wenye nia njema na vitabu mkononi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichambua mapishi 200 ya chakula cha mbwa yaliyochapishwa, mengine yameandikwa na madaktari wa mifugo. Asilimia 95 yalikosa angalau kirutubisho kimoja muhimu, na mengi yalikosa zaidi ya kimoja: zinki, vitamini D, vitamini E. Hayo hayaonekani kwa macho. Mbwa atakula, atatikisa mkia, na pengo litajitokeza baada ya miezi, manyoya yakipauka au mfupa ukivunjika.

Mbwa anaweza ugali, paka hawezi

Kosa ninaloliona zaidi mitaani ni kumlisha paka kana kwamba ni mbwa mdogo.

Mbwa ameishi na binadamu kiasi cha mwili wake kuzoea wanga. Mwaka 2013 Erik Axelsson na wenzake wa Uppsala, Sweden, walionyesha kwamba mbwa mwitu wa Ulaya ana nakala mbili tu za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kusaga wanga kwenye kongosho, ilhali mbwa wa nyumbani ana kati ya 4 na 30. Ugali uliopikwa ukaiva, mbwa anaumeng'enya. Kwa hiyo anayekuambia kwamba ugali kwa mbwa ni dhambi anazidisha. Tatizo la ugali ni kuwa peke yake, au ukiwa na kijiko cha mchuzi juu ili unukie tu.

Paka ni mla nyama asiye na hiari. Hata utamu wa sukari hausikii: mwaka 2005 iligundulika kwamba moja ya jeni za kuonja utamu imekufa ndani yake. Hawezi kugeuza rangi ya karoti kuwa vitamini A kama sisi tunavyofanya. Lazima aipate ikiwa tayari kwenye ini au samaki. Tena hawezi kujitengenezea taurini ya kumtosha. Kirutubisho hiki kilitengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1827 kutoka kwenye nyongo ya ng'ombe dume, ndipo kikapata jina lake, na kwa muda mrefu hakuna aliyekijali sana. Kisha mwaka 1987 daktari wa mifugo Paul Pion na wenzake wa Davis walitoa habari iliyowashtua watengenezaji: paka waliokuwa wanakufa kwa moyo uliotanuka na kulegea, wengi wakilishwa chakula cha dukani kilichoandikwa kuwa ni kamili, walikuwa na taurini kidogo mno mwilini. Walipopewa taurini, mioyo ilianza kurudi. Viwanda vikabadilisha michanganyiko yao, na ugonjwa ule ukawa nadra.

Nalipenda tukio hili kwa sababu linazinyima ushindi pande zote mbili. Mfuko ulikosea. Lakini sufuria ya nyumbani ya wali na maji ya samaki inakosea vilevile, na haina kiwanda cha kuisahihisha. Kwa bahati yetu, taurini imejaa kwenye vitu vya bei ndogo: moyo wa ng'ombe au wa kuku, nyama nyeusi ya mapaja, na kwa watu wa pwani, vipande vya pweza na chaza vinavyobaki. Huyeyukia kwenye maji ya kuchemshia, hivyo supu isimwagwe. Apewe nayo, mradi haina chumvi wala vitunguu.

Mfupa, ini, dagaa

Kuna mtu akishaelewa kwamba paka ni mla nyama, anakwenda buchani na kununua steki. Steki tupu ni njia ya uhakika ya kumharibu mtoto wa paka au wa mbwa. Nyama ya msuli ina fosforasi mara 15 au zaidi ya kalsiamu, wakati mnyama anayekua anahitaji kalsiamu iizidi fosforasi kidogo. Mwili ukikosa kalsiamu chakulani unaichota kwenye mifupa. Mtoto anaonekana mnene na mchangamfu, kisha siku moja anaruka kutoka kitini na mguu unavunjika.

Mwindaji porini hali steki. Anamla panya na mifupa yake. Dagaa wanaziba pengo hilo kwa namna ambayo kopo la bei ghali halikuzidi: wanaliwa wazima, na mifupa yao midogo ndiyo kalsiamu yenyewe. Dagaa wa Ziwa Victoria, au omena kwa jina la Kenya, wakiondolewa mchanga, wakalowekwa na kupikwa, ni chakula cha heshima kwa mbwa na paka. Asiye na dagaa anaweza kuchemsha maganda ya mayai, kuyakausha na kuyasaga yawe unga laini kabisa. Kijiko kimoja cha chai kina takriban gramu 2 za kalsiamu. Kiasi cha kumpa kitegemee uzito na nyama anayokula, kwa hiyo daktari wa mifugo aulizwe, hasa kwa mtoto wa mbwa wa aina kubwa, ambaye kalsiamu ikizidi nayo inamharibu mifupa.

Samaki wapikwe. Samaki wengi wabichi wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, na paka anayelishwa samaki mbichi siku nenda rudi huishia kuinamisha shingo, kuyumba, hata kupata degedege. Moto unakiua kimeng'enya hicho. Ng'onda aachwe, chumvi yake ni nyingi mno. Maini nayo ni mazuri kwa kiasi kidogo. Paka anayekula maini kila siku hurundika vitamini A mpaka pingili za shingo zinaota mfupa na kushikana, akashindwa hata kugeuza kichwa kujilamba.

Vitu vya kumnyima nitavitaja haraka. Vitunguu maji na vitunguu saumu, vibichi au vilivyoungwa kwenye mchuzi, huvunja chembe nyekundu za damu, na paka ndiye anayeumia zaidi. Hapo rojo letu la kila siku linaondoka kwenye sufuria ya mnyama. Zabibu za Dodoma, mbichi au kavu, zinaweza kuua figo za mbwa. Makadamia, njugu zinazolimwa Murang'a, Embu na Meru, humlegeza mbwa miguu ya nyuma. Chokoleti na kahawa hapana. Bazoka na pipi zisizo na sukari zenye zailitoli hapana kabisa. Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, hupasuka kama vijiti vya miba. Na gunzi la mahindi ya kuchoma, ambalo watoto hulitupa chini bila kufikiri, ni kizibo kamili cha utumbo wa mbwa. Hutoka kwa kisu cha daktari.

Linalonikera zaidi ni kauli niliyoikuta nyumba nyingi: "Mahindi haya yameota ukungu, tusagie mbwa." Sumukuvu haitoki kwa kupikwa. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 ikaua Dodoma na Manyara. Ini la mbwa ni miongoni mwa maini yanayoathirika upesi kwa sumu hiyo. Mahindi ambayo hutampa mwanao, usimpe anayelinda mlango wa mwanao.

Ubichi na somo la Turkana

Wapo wanaoamini kwamba kupika ndiko kulikoharibu chakula cha mbwa. Daktari wa mifugo wa Australia, Ian Billinghurst, ndiye aliyeieneza sana hoja hiyo kuanzia mwaka 1993: nyama mbichi, mifupa mibichi, kama babu yake mbwa mwitu. Hoja ina mvuto, na mbwa wengi hula hivyo bila kuonyesha ugonjwa. Hilo neno "kuonyesha" ndilo lenye mzigo.

Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, ni miongoni mwa sehemu zilizopata kurekodiwa kuwa na wagonjwa wengi kabisa duniani wa haidatidi, ugonjwa wa mavimbe ya maji unaoletwa na minyoo aina ya tegu. Mzunguko wake unapita katikati ya chakula cha mbwa. Mbuzi, kondoo au ngamia ana mavimbe yenye maji kwenye maini na mapafu. Anapochinjwa, kilichovimba hakiliwi, anatupiwa mbwa. Ndani ya utumbo wa mbwa mabuu yaliyomo kwenye vimbe huwa tegu wadogo, milimita chache tu, kwa maelfu. Mbwa haugui. Anacheza, anabweka, anachunga. Lakini kinyesi chake kina mayai, na mayai hunata kwenye manyoya yake, kwenye mikono ya mtoto anayemkumbatia, kwenye maji. Mtu akiyameza, vimbe linaanza kukua kimyakimya ndani ya ini au mapafu yake, na huenda likakua miaka kabla tumbo halijaonyesha. Miaka ya 1980 shirika la afya la AMREF lilianza kupambana na ugonjwa huo huko kwa upasuaji, kwa mashine za kupima tumbo, na kwa kuwapa mbwa dawa ya prazikwanteli.

Nikisikia mtu wa mjini anasifu mapupu mabichi ya bei chee kutoka machinjioni kuwa ni "chakula cha asili", ndiyo picha inayonijia. Dawa yake ni sufuria: viungo vyenye mavimbe vikichemka kwa nusu saa, mabuu hufa. Friji zetu, umeme ukikatika na kurudi, si za kuaminiwa kwa kazi hiyo. Yapo na mengine. Vichwa na miguu ya kuku ibichi hubeba salmonela hadi sakafuni. Paka anayekula nyama mbichi au panya anaweza kutoa vijidudu vya toksoplazma kinyesini, hatari kwa mama mjamzito, ingawa vinahitaji siku moja au zaidi nje ya mwili kabla havijaweza kuambukiza, ndiyo sababu sanduku la mchanga lisafishwe kila siku na asiye mjamzito. Na Desemba 2024, kule Oregon, Marekani, paka wa ndani alikufa kwa mafua ya ndege ya H5N1 baada ya kula chakula kibichi cha bata mzinga kilichonunuliwa dukani. Kipimo kilikuta virusi ndani ya chakula chenyewe.

Mimi napika.

Chakula kama kazi

Sasa turudi kwa mbwa wangu na dakika yake moja.

Mnyama hakuumbwa kukuta chakula bakulini. Panya mmoja ana takriban kalori 30, na paka wa kilo 4 anahitaji zaidi ya 200 kwa siku. Fanya hesabu uone ni mara ngapi paka wa shambani hunyatia na kurukia, bila kuhesabu anazokosa. Mbwa wa mtaani hutembea nusu siku akifuata pua. Tunapomfungia ndani ya ukuta na kumletea sufuria tunamwondolea njaa, na pamoja nayo tunamwondolea kazi yote ya siku. Bustani za wanyama ziliona hili mapema. Miaka ya 1970, Portland, Marekani, Hal Markowitz aliwatengenezea nyani wa aina ya giboni vishikio walivyovivuta kupata chakula, wakaacha kuduwaa na kuanza kuruka huku na huko. Kabla yake, mwaka 1963, Glen Jensen alikuta kwamba panya wa maabara wengi walibonyeza kishikio wapate chakula ingawa bakuli lilelile la bure lilikuwa pembeni yao.

Sisi wenyewe tuna mfano mzuri kuliko huo. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa baruti. Mshahara wao ni kipande cha ndizi. Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kupelekwa Kambodia, alipewa nishani ya dhahabu Uingereza mwaka 2020, na hadi anastaafu alikuwa amenusa mabomu ya ardhini na mabaki mengine ya vita, jumla zaidi ya 100. Chakula kilekile ambacho kingemwishia mdomoni kwa nukta kilimjengea kazi ya pua.

Mbwa hufaidika na kazi ya namna hiyo hata nyumbani. Mwaka 2019 Charlotte Duranton na Alexandra Horowitz walichukua mbwa wa nyumbani 20. Nusu walicheza mchezo wa kutafuta chakula kwa kunusa kwa wiki mbili, nusu wakafundishwa kutembea sambamba na bwana wao. Kisha wakawawekea bakuli mahali pasipoeleweka, katikati ya pale ambapo siku zote huwa na chakula na pale ambapo siku zote huwa tupu. Waliokuwa wakinusa walilikimbilia bakuli hilo upesi kuliko mwanzo, kama wanaotarajia mema. Wale wengine hawakubadilika.

Kwa paka mambo hayanyooki hivyo, na hapa ndipo wauzaji hunyamaza. Mwaka 2021 watafiti wa Davis waliwapa paka 17 chaguo: chakula kwenye chombo cha fumbo au kilekile kwenye sinia wazi. Wengi walikwenda kwenye sinia. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Exeter kilifuatilia paka 355 kusini-magharibi mwa Uingereza waliozoea kuleta mawindo nyumbani. Chakula chenye nyama nyingi kilipunguza mawindo kwa asilimia 36, kucheza nao dakika 5 hadi 10 kwa siku kukapunguza kwa asilimia 25, lakini vyombo vya fumbo viliongeza kwa asilimia 33. Huenda paka walishindwa kuvifungua wakatoka nje na njaa. Ninavyosoma mimi, paka hakatai kazi. Kazi yake ni kunyatia na kurukia, siyo kufungua vifuniko. Mburuzie kamba yenye unyoya mpaka airukie na kuikamata, kisha hapohapo mpe vipande vya moyo wa kuku, na sahani zake ziwe ndogo na nyingi, zimewekwa mahali tofauti: juu ya kabati, nyuma ya mlango. Kamba uifunge kabatini mkimaliza, kwa sababu akiimeza inamkunja utumbo.

Kwa mbwa, vifaa viko jikoni. Punje au dagaa waliokaushwa baada ya kupikwa hutawanywa kwenye majani. Trei ya mayai ya karatasi huwekwa vipande vya nyama kwenye vishimo vyake, ikafunikwa na trei nyingine. Katoni ndani ya katoni. Supu isiyo na chumvi hugandishwa kwenye kikombe cha plastiki, ikatolewa barafu tupu ailambe saa nane mchana joto likiwa kali. Anza rahisi mno, azoee kufanikiwa, ndipo uongeze ugumu. Kiasi unachotawanya ukitoe kwenye chakula chake cha siku, usikiongeze juu, na vitafunwa visizidi sehemu moja ya kumi ya kalori zake. Mbwa wawili usiwatawanyie mahali pamoja; hata marafiki hupigana. Anayekula karatasi yenyewe anyimwe trei, abaki na majani. Chakula cha maji kisikae nje zaidi ya saa mbili katika joto letu.

Wangu ana kama kilo 20, na huhitaji kalori zipatazo 1,000 kwa siku. Nusu anaipata sufuriani: ugali au wali, dagaa wazima waliopikwa, mchicha, mafuta kidogo, yai mara mbili kwa wiki. Nusu nyingine ni punje za mfuko ulioandikwa kuwa kamili, kwa sababu najua sufuria yangu ina mapengo ya zinki na vitamini E nisiyoweza kuyaona. Nilibadilisha polepole kwa siku kumi asije kuharisha. Hizo punje ndizo ninazozitawanya, na hutumia karibu nusu saa kuzimaliza.

Mzee anayelinda nyumba ya jirani aliliona hilo kabla sijamwambia mtu. "Mwanangu, huyu mbwa wako siku hizi kapoteza nini kwenye majani?"

"Anatafuta chakula chake, mzee."

Akasimama pale ukutani akimwangalia muda mrefu. Kesho yake asubuhi aligonga geti, akauliza kama nina trei ya mayai isiyo na kazi.